Tanuri la Warongo

Nchi ya Geita imejaliwa madini mawili yenye tabia zisizofanana. Dhahabu hukutwa ndani ya mwamba ikiwa ni dhahabu, na hata ikilala humo karne nyingi haigeuki. Chuma sivyo. Hicho hukaa katika mbale kimeshikamana na oksijeni, na akitakaye hana budi kukitoa kwa nguvu. Kikiisha kufuliwa jembe, huanza polepole kurudi katika hali yake ya kwanza, na kurudi huko ndiko kutu.

Kabla ya Wajerumani kuiona dhahabu ya Geita mwaka 1898, sifa ya nchi hiyo, iliyokuwa sehemu ya Buzinza, ilikuwa majembe. Mafundi wake waliitwa Warongo. Hao hawakuwa ukoo mmoja, bali chama cha kazi: watu wa asili mbalimbali waliofungamana kwa ufundi na miiko. Majembe yao yalinunuliwa na Wasukuma, ambao nchi yao huenea hadi Shinyanga, na mengine yalifika Tabora.

Tanuri lao lilijengwa kwa udongo, likajazwa makaa na mbale, kisha vijana wakashika mivukuto na kupuliza hewa kwa zamu kupitia mirija ya udongo. Makaa yalipowaka kwa hewa chache, yalitoa hewa ya kaboni iliyoinyang’anya mbale oksijeni yake. Mavi ya chuma yaliyeyuka na kutiririka, likabaki bonge la chuma lisiloyeyuka, maana chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi. Tanuri lilihesabiwa kuwa tumbo la uzazi, na wahudumu wake walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Mivukuto ikisimama kabla ya wakati, moto ulififia, na taabu ya siku nyingi ikapotea.

Elimu ya joto na kazi ilichelewa kulieleza jambo la namna hii. Wataalamu wa karne ya 19 walichunguza zaidi vitu vilivyokwisha kutulia, ambavyo joto lao limekuwa sawa pande zote. Mwaka 1977 Ilya Prigogine, Mbelgiji mzaliwa wa Moscow, alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuonyesha kwamba kitu kilicho mbali na utulivu huo kinaweza kuwa na mpango wake, maadamu nguvu haikomi kupita ndani yake. Mkondo ukikatika, mpango nao huvunjika.

Ndivyo ilivyokuwa kwa chama chenyewe. Kiliishi kwa mikondo: miti ya makaa, mikono ya vijana, na wanunuzi. Majembe rahisi ya viwanda vya Ulaya yalipoenea, wanunuzi walipungua, vijana wakatafuta kazi nyingine, na matanuri yakapoa moja baada ya jingine. Ng’ambo ya magharibi ya ziwa, katika Buhaya, mambo yalikuwa hayo hayo: katika miaka ya 1970 wazee walimjengea tanuri mtafiti Mmarekani, Peter Schmidt, kwa kumbukumbu za ujana wao.

Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Kwa miaka hiyo 34 dhahabu ilingoja bila kupungukiwa na chochote. Ufundi wa Warongo haukuwa na uwezo huo wa kungoja, kwa kuwa ulihifadhiwa katika pumzi za watu tu.