Msimbo N15.0: ugonjwa wa figo uliopewa jina la mahali

Ukifungua ICD-10, ile orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) inayoupa kila ugonjwa msimbo wake, nenda kwenye herufi N. Huko kuna magonjwa ya figo, njia ya mkojo na viungo vya uzazi. Mengi yameitwa kwa kile kinachoharibika: mawe kwenye figo, vifuko vya maji, figo kushindwa kazi. Ukifika N15.0 unakuta kitu tofauti kabisa: ugonjwa wa figo wa Balkani. Sasa mbona jina la eneo la ramani limeingia kwenye orodha ya madaktari?

Turudi nyuma kidogo. Orodha hii ilianza kwa kuhesabu vifo, si wagonjwa. Mwaka 1893, kwenye mkutano wa wanatakwimu huko Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha ya sababu za vifo ili nchi mbalimbali zihesabu kwa namna moja. Enzi hizo magonjwa mengi ya figo yalirundikwa chini ya jina moja tu, "ugonjwa wa Bright", kutokana na Richard Bright, daktari wa London aliyeandika mwaka 1827 kuhusu wagonjwa waliovimba mwili, wenye protini kwenye mkojo na figo mbovu. Mwaka 1948 WHO ilisimamia toleo la sita, na hapo magonjwa yasiyoua nayo yakaingia. Kadiri matoleo yalivyofuatana, mafungu makubwa yakazidi kupasuliwa kuwa madogo.

Katika miaka hiyohiyo ya 1950, madaktari wa Bulgaria na Yugoslavia walianza kuandika juu ya jambo la ajabu kwenye vijiji vilivyo kando ya mito inayoingia mto Danube. Wakulima watu wazima walikuwa wanakufa kwa figo, lakini hawakuvimba kama wagonjwa wa Bright. Figo zao zilinyauka polepole kwa miaka mingi, zikajaa makovu, mpaka zikashindwa kazi. Wengi walipata pia saratani ambayo kwingineko ni adimu: ile inayoota kwenye ureta, yaani mirija miwili myembamba inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofu, na pale juu mirija hiyo inapoanzia.

Kijiji kimoja kinaumwa, cha jirani kizima. Ndani ya kijiji kilekile, nyumba fulani zinazika kila mara, nyingine hazina habari. Ulifuata familia, kwa hiyo ungesema ni wa kurithi. Lakini mtu aliyeolewa pale akitokea mbali naye aliugua, baada ya kukaa miaka 15, 20 au zaidi.

Washukiwa walikuwa wengi: sumu ya kuvu kwenye nafaka iliyohifadhiwa vibaya, maji ya visima yaliyopita kwenye makaa ya mawe, metali nzito, virusi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Milenko Ivić wa mji wa Niš alitaja mshukiwa mwingine: gugu liitwalo Aristolochia clematitis, linaloota katikati ya ngano. Mbegu zake huvunwa pamoja na ngano, zinasagwa pamoja, zinaliwa kwenye mkate. Wazo lake halikupata wafuasi wengi. Chanzo kikiwa hakijathibitika, toleo la kumi, lililopitishwa mwaka 1990, likauorodhesha ugonjwa kwa kitu pekee kilichokuwa na uhakika, yaani unapopatikana.

Jibu lilianza kujitokeza mbali na Balkani, tena bila kutafutwa. Mwaka 1993 Jean-Louis Vanherweghem na wenzake wa Brussels waliripoti wanawake ambao figo zao ziliharibika kwa kasi baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa kimakosa, ukawekwa Aristolochia fangchi. Mwaka uliofuata Jean-Pierre Cosyns na wenzake waliuliza swali kubwa: makovu ya figo za wanawake hawa yanafanana mno na ya wakulima wa Balkani, je, si sumu ileile? Kisha mwaka 2000 ikaripotiwa kwamba kati ya wagonjwa 39 wa Ubelgiji walioondolewa figo na ureta kama tahadhari, 18 walikutwa na saratani ya njia ya mkojo.

Mwaka 2007 Arthur Grollman wa Marekani, Bojan Jelaković wa Kroatia na wenzao walikuta alama za asidi ya Aristolochia zimenasa kwenye DNA ya figo za wagonjwa wa Balkani, na kwenye saratani zao mabadiliko ya vinasaba yanayoendana na sumu hiyo. Ivić alikuwa sahihi, karibu miaka 40 kabla.

Sasa rudi kwenye orodha. Mkulima wa Kroatia yuko N15.0. Mwanamke wa Brussels, mwenye figo zilizoharibiwa na sumu ileile, mahali pake ni N14, kwenye figo zilizoharibiwa na dawa na metali nzito. Wakipata saratani ya ureta, hiyo iko C66, kwenye sura nyingine kabisa. Mtafiti anayehesabu kwa misimbo peke yake ataona magonjwa matatu yasiyohusiana.

Linganisha na kichocho, ambacho Unguja na Pemba wanakijua vizuri. Mayai ya mnyoo yakinasa kwenye ureta huacha makovu, njia inakuwa nyembamba, mkojo unarudi nyuma na figo zinaumia. Hapa ICD-10 inatoa misimbo miwili inayokwenda pamoja: B65.0 yenye alama ya msalaba mdogo (†), inayosema mnyoo ndiye chanzo, na N29.1 yenye nyota (*), inayosema figo na ureta ndipo palipoharibika. Hilo liliwezekana kwa sababu chanzo kilikuwa kinajulikana tangu Theodor Bilharz alipomwona mnyoo huyo huko Cairo mwaka 1851.

Kwa hiyo usidharau N15.0. Kuwa na msimbo kuliwatenganisha wakulima wale na rundo la "figo kushindwa kazi". Lakini jina lake linaweza kukupotosha. Mimea ya jamii ya Aristolochia imetumika kama dawa ya asili katika nchi nyingi, na sumu yake imo kwenye orodha ya WHO ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mtu aliyekunywa dawa hiyo mbali na Balkani hatapewa N15.0, na huenda faili lake lisitaje mmea wowote. Ndiyo maana daktari akikuuliza umekuwa ukitumia dawa gani, mtajie na zile za mitishamba.