Mkweche wa Tanga: turudishe uasili au tubadilishe injini?

Leo tuongelee magari ya zamani, ile mikweche. Ukizunguka gereji za Ngamiani au ukishika njia ya Muheza na Pangani, bado utakutana na Land Rover ya enzi za wazee wetu inapiga kazi. Sasa ubishi ni huu: ukilipata gari kama hilo, ulirudishe kama lilivyotoka kiwandani hadi nati ya mwisho, au uchomoe injini, uweke ya Toyota, upige rangi ya kung'aa na maisha yasonge?

Wengi wanadhani hayo ni mambo ya mafundi tu. Mimi naona ni swali la historia kabisa.

Chukua Safari Rally. Yalianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Enzi zake yalipanda mpaka milima yetu ya Usambara. Gari lililotamba ni Peugeot 404: lilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva mkazi wa Dar es Salaam. Na msifikiri ilikuwa lelemama: 1963 na 1968 yalimaliza magari 7 tu!

Mwaka 2003 yakaanzishwa mashindano ya magari ya kale, Safari Classic, kukumbuka miaka 50. Humo Porsche 911 zilizoimarishwa bodi na springi ndizo zimetawala, zikashinda 2011 na 2015. Lakini Porsche haijawahi kushinda Safari yenyewe. Ilishika nafasi ya pili 1972, 1974 na 1978, basi. Kwa hiyo mtoto anayetazama leo anaweza kuondoka akijua kwamba mfalme wa barabara zetu alikuwa Porsche. Mnaona jinsi gari lililoboreshwa linavyoweza kuandika historia upya?

Hapo watu wa uasili watashangilia. Ngojeni kwanza.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka na Kenya wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika. Ukafunguliwa tena Novemba 1983. Kwa Tanga, ambayo Mombasa iko pua na mdomo, hilo lilikuwa pigo. Katikati ya hapo ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikaadimika. Spea hakuna! Mpaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao kuagiza bidhaa nje, fundi aliishi kwa kuungaunga: kabureta ya gari hili kwenye lile, springi ikachongwa, bodi ikachomelewa.

Sasa niambieni, ukilichukua gari la namna hiyo ukalirudisha "kama jipya" la 1965, umehifadhi nini? Umehifadhi kiwanda cha Ulaya na kufuta miaka yote ya Tanga. Ile kabureta ya kuazima ni nyaraka ya mwaka 1980 kuliko hotuba nyingi.

Hata wenzetu wa nje wameliona hili. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha Mkataba wa Torino mwaka 2012, na unatambua kwamba mabadiliko ambayo gari limepitia katika maisha yake ya kazi ni sehemu ya historia yake.

Msimamo wangu basi: uaminifu uwe kwa maisha ya gari, si kwa katalogi. Chumvi ya bahari ikishakula chesesi ya chuma ya Land Rover (bodi yake ya alumini inadumu zaidi), badilisha, huna ujanja. Ila kilichotoka kitunze, piga picha, andika nani alifanya nini na kwa nini.

Haraka ya nini? Wanunuzi wa vyuma chakavu wanayakata haya magari kwa kilo, na mafundi wa miaka ile wanazeeka na simulizi zao kichwani. Sisi tunaosomea ualimu tutaenda kufundisha kwamba masimulizi ni chanzo cha historia. Likizo hii nenda gereji ya mtaani kwenu na daftari, msalimie mzee shikamoo, mwulize 1979 alipata wapi spea. Halafu uje utupe stori.

Haya, mnasemaje wadau: uasili au kuungaunga?