Umeuza pointi za Bonga mtandaoni na hujalipwa: sheria inakusaidia wapi?

Kila tunapofungua simu za wasikilizaji asubuhi, swali hili halikosi. Mtu ameona tangazo kwenye Facebook au kundi la WhatsApp: "Tunanunua pointi za Bonga, malipo papo hapo." Ametuma pointi zake zote, halafu mnunuzi amezima simu. Anatuuliza, nishtaki wapi? Jibu linategemea sana maneno mliyoambiana kabla ya kutuma, na wengi hawalijui hilo hadi wafike kituo cha polisi.

Tuanze na pointi zenyewe. Safaricom ilianzisha Bonga mwaka 2007: unatumia shilingi kumi kwa simu, unapata pointi moja. Kwa miaka mingi watu walizibadilisha kuwa dakika za kupiga simu, SMS au bando. Mwaka 2020, wakati wa Korona, kampuni iliruhusu wateja kulipia bidhaa kwa pointi kwenye maduka yenye nambari ya Lipa na M-Pesa. Pointi zikaanza kununua unga na sukari, na kwa kuwa zinaweza kutumwa kutoka laini moja hadi nyingine, wachuuzi wakajitokeza. Mchuuzi hununua chini ya thamani, kisha anazitumia kwa thamani kamili. Hiyo ndiyo faida yake.

Lakini pointi si mali kama gunia la mahindi. Ni ahadi ambayo kampuni imempa mteja wake, na inaongozwa na masharti uliyoyakubali ulipojiunga. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inaposema "bidhaa" haihesabu pesa, wala haki ambazo mtu anaweza kuzipata kwa kudai tu. Kwa maoni yetu pointi zimo katika kundi hilo la pili. Kwa hiyo ule ulinzi ambao mkulima anao akiuza mahindi yake usiutegemee hapa. Kinachobaki ni makubaliano kati yako na mnunuzi. Makubaliano hayo ni halali hata yakiwa ya mdomo, ila ni wewe utakayetakiwa kuyathibitisha.

Sasa tuje kwenye wizi wenyewe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 313, inamwadhibu anayejipatia kitu kwa udanganyifu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitatu. Lakini soma kifungu kilichotangulia, cha 312. Kinasema udanganyifu ni kudai jambo la uongo lililokwisha kutokea au lililopo sasa, huku ukijua ni uongo. Ahadi ya jambo litakalotokea haimo.

Tofauti hiyo ni kubwa. Mnunuzi akikuambia, "Tuma kwanza, nitakulipa jioni," kisha asilipe, hiyo ni ahadi iliyovunjwa. Polisi wanaweza kukuambia hilo ni deni tu, na mara nyingi watakuwa sahihi. Lakini akikutumia ujumbe wa M-Pesa wa kughushi, kana kwamba pesa zimeshaingia, ametaja jambo la uongo kuhusu jambo lililokwisha kutokea. Vivyo hivyo akijiita wakala wa kampuni na si wakala. Hapo mlango wa kesi ya jinai umefunguka. Kwa hiyo usifute ujumbe hata mmoja, hata ule unaokuonyesha umekuwa mjinga. Ule ndio ushahidi wako.

Lile deni nalo halijafa. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 inaruhusu madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na hakuna ulazima wa kuwa na wakili. Tatizo ni kumpata mdaiwa. Jina la Facebook halipelekewi hati ya mahakama, na nambari ya simu peke yake haikuambii mtu analala wapi. Kwa pointi za shilingi mia tano, nauli ya kufuatilia kesi itakuzidi.

Kuna wanunuzi wengine hawataki utume mwenyewe. Wanataka nambari ya siri, au ile nambari ya uthibitisho inayoingia kwa SMS, "ili tukusaidie kuhamisha haraka." Huyo hanunui pointi, anatafuta laini yako. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 29, inamwadhibu anayetumia kwa hila nambari ya siri ya mtu mwingine: faini ya hadi shilingi 200,000, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kuingia kwenye mfumo bila ruhusa, kifungu cha 14, faini yake inaweza kufika milioni tano. Hata hivyo, ukimpa nambari hiyo kwa hiari yako umempunguzia kazi, na yeye ataleta hoja kwamba ulimruhusu.

Kifungu hicho cha 29 kinagusa nyumbani pia. Tumesikia zaidi ya mara moja kijana akimshikia nyanya yake simu "amuwekee bando," kumbe anauza pointi alizokusanya kwa miaka. Wazee wengi hata hawajui wana pointi. Watu huchukulia ni utundu tu, lakini kutumia nambari ya siri ya mtu kwa hila ni kosa hata kama mtu huyo ni nyanya yako.

Na wewe unayenunua ili uuze tena? Laini imeandikishwa kwa kitambulisho chako, kwa hiyo pointi zilizoibwa zikipita kwako, wapelelezi wataanza na wewe. Muulize muuzaji kama laini ni yake, na uhifadhi mazungumzo yenu. Mapato ya biashara hii yanahesabiwa katika kodi kama mapato mengine.

Kabla ya kuuza, piga *126# uone una pointi ngapi, kisha fanya hesabu. Ikiwa pointi moja inahesabiwa senti 20 dukani, pointi 5,000 ni shilingi 1,000. Mnunuzi wa mtandaoni akikupa mia sita, umepoteza mia nne hata kama ni mwaminifu. Sisi tungezilipia sukari dukani.

Ukiwa umeshatapeliwa, tuma nambari ya tapeli kwa 333 bila malipo, kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishe taarifa na upewe nambari ya OB. Beba simu yenyewe yenye ujumbe, na kama una daftari, andika saa uliyotuma pointi, idadi yake, na maneno aliyokuambia mnunuzi kabla hujatuma.