Kadi Kuukuu, Ubao Mpya: Nani Huamua Kifaa Kimezeeka?

Wengi wetu huamini kwamba vifaa huzeeka kama binadamu: hudhoofika, huchakaa, kisha hufa. Historia ya kadi za michoro, zile zinazoiwezesha kompyuta kuonyesha picha kwenye skrini, inatufundisha vingine. Kadi nyingi hazikufa. Zilikataliwa zingali hai, na waliozikataa walikuwa watu waliokaa kikao na kupitisha uamuzi. Penye uamuzi pana masilahi, na penye masilahi pana siasa.

Tuanzie Agosti 1981, IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi. Ubao mama wake ulikuwa na nafasi za kuchomeka kadi, na IBM ilichapisha maelezo ya kiufundi ya mashine hiyo. Kwa hiyo kampuni yoyote, hata ndogo, iliweza kutengeneza kadi ikaingia na kufanya kazi. Mwaka 1984 mfumo huo, ambao baadaye uliitwa ISA, ulipanuliwa kutoka biti 8 hadi biti 16. Nafasi ilirefushwa tu, hivyo kadi nyingi za awali ziliendelea kutumika. Kipya kilijengwa juu ya kikuukuu.

Lakini mlango uliofunguliwa kwa wote uliwaingiza washindani pia. Mwaka 1987 IBM ikatoa kompyuta za PS/2 zenye mfumo mpya, MCA. Kiufundi ulikuwa bora kuliko ISA. Hata hivyo, kadi za zamani hazikuingia, na aliyetaka kutengeneza za aina hiyo alitakiwa kulipia leseni. Mwaka uliofuata kampuni tisa, zikiongozwa na Compaq, zilijibu kwa mfumo wa EISA: biti 32, na nafasi iliyopokea kadi za ISA. EISA yenyewe ilikuwa ghali na haikuenea sana nje ya seva, lakini MCA nayo haikulitawala soko. Mwaka 1992 Intel ilileta PCI, na kwa miaka kadhaa mbao nyingi zilibeba nafasi za PCI na za ISA bega kwa bega, ili mnunuzi ahame taratibu.

Si kila uhamaji ulikuwa wa upole. Mwaka 1997 ilikuja AGP, nafasi maalumu ya kadi za michoro. Matoleo ya kwanza yalitumia volti 3.3, yaliyofuata volti 1.5. Wabunifu waliweka mapengo kwenye kadi na vizuizi kwenye nafasi ili visivyopatana visichomekane. Baadhi ya watengenezaji hawakuheshimu alama hizo, na kadi ya volti 3.3 iliyokatwa mapengo yote mawili iliweza kuunguza ubao wa volti 1.5. Kanuni isiyo na msimamizi humwachia mnunuzi hasara.

Kisha ikaja PCI Express, iliyoanza kuonekana kwenye mbao mama mwaka 2004. Haikupokea kadi za AGP, lakini ndani ya ukoo wake imekuwa na uungwana wa ajabu. Toleo la kwanza lilipitisha megabaiti 250 kwa sekunde katika kila njia. La pili, la mwaka 2007, megabaiti 500. La tatu, la mwaka 2010, karibu gigabaiti 1. Kadi na ubao vinapokutana hukubaliana kasi ambayo vyote viwili vinaimudu. Kadi ya mwaka 2008 huingia katika ubao wa leo bila kulazimishwa.

Mbona basi skrini hubaki nyeusi? Kizuizi kimehama kutoka kwenye umbo hadi kwenye programu. Kadi za zamani hubeba programu ya kuwashia iliyoandikwa kwa ajili ya BIOS, ilhali mbao za sasa hutumia UEFI. Kwa miaka mingi palikuwa na daraja kati ya mifumo hiyo, liitwalo CSM. Mwaka 2017 Intel ilitangaza nia ya kuliondoa kufikia 2020, na leo ziko mbao zisizokuwa nalo. Tuwe waadilifu: sababu za usalama zilikuwepo, na kubeba programu za miongo mingi ni mzigo. Lakini gharama ya kuutua mzigo huo haikuangukia waliouamua.

Sisi tunalifahamu jambo hili kupitia reli. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, TAZARA milimita 1,067. Behewa linapofika Kidatu halina ubovu wowote. Mzigo unashushwa na kupakiwa upya kwa sababu ya milimita 67 zilizoamuliwa na tawala tofauti, kwa malengo tofauti.

Ndugu mtumishi wa umma unayeandaa zabuni ya kompyuta, usiulize bei na kasi pekee. Uliza kama ubao una CSM, kama kadi mnazozimiliki zinaitambua UEFI, na kama draiva zake bado zinatolewa. Mwanafunzi, jifunze Linux: draiva huria ya nouveau huziendesha kadi nyingi za NVIDIA ambazo kampuni yenyewe imeacha kuzihudumia. Nanyi wanaharakati, muda wa kuhudumia kifaa na uwazi wa maelezo yake ni madai halali ya mlaji, sawa na uzito sahihi wa mizani sokoni.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Onyo hilo linamfaa mwenye uwezo wa kuchagua. Anayenyang'anywa mbacha wake ungali mzima ana haki ya kuuliza ni nani aliyeamua, na kwa faida ya nani.