Kinachosemwa na Bei ya Hisa: Kisa cha Safaricom katika Soko la Nairobi

Agosti 2021, hisa moja ya kampuni ya simu ya Safaricom ilikaribia shilingi 45 katika Soko la Hisa la Nairobi. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa haifiki 15. Kampuni haikufilisika, na wateja wake hawakuikimbia. Gawio la mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 lilikuwa shilingi 1.37 kwa hisa. La mwaka ulioishia Machi 2024 lilikuwa 1.20. Wakati gawio limepungua kwa takriban asilimia 12, bei ilikuwa imeporomoka kwa zaidi ya theluthi mbili.

Wengi husoma bei ya hisa kama alama ya mtihani: ikipanda kampuni imefaulu, ikishuka imefeli. Usomaji huo hukwama hata kwenye hesabu nyepesi. Mwaka huohuo wa 2021 hisa ya BAT Kenya iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 400, lakini kampuni hiyo ina hisa milioni 100 tu, ilhali Safaricom ina takriban bilioni 40. Kwa hiyo kampuni yenye hisa ya “bei rahisi” ilikuwa na thamani sokoni zaidi ya mara 30 ya ile yenye hisa “ghali”.

Nani basi huipanga bei? Katika siku ya kawaida hakuna ofisi inayoitangaza. Wanunuzi hupeleka maagizo kupitia madalali wakitaja kiwango cha juu watakacholipa, wauzaji hutaja cha chini watakachokubali, na mfumo wa soko huwakutanisha pale viwango vinapolingana. Hali huwa tofauti hisa zinapouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa bei iliyoipanga yenyewe, shilingi 5. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa. Biashara ilipofunguliwa Juni 9, bei ilipita 7. Mwanzoni mwa 2009, dunia ikiwa katika msukosuko wa fedha, ilikuwa chini ya 4. Tano ilikuwa bei ya muuzaji mmoja. Saba na nne zilitokana na mapatano ya soko.

Mapatano hayo huongozwa na nini? Mwaka 1938 mwanauchumi wa Marekani John Burr Williams alitoa jibu ambalo bado ni msingi wa fani ya kuthamini hisa: thamani ya hisa ni jumla ya magawio yote yajayo, yakipunguzwa kwa kuwa fedha ya kesho haina uzito wa fedha ya leo. Chukua hisa itakayolipa shilingi 1.20 mwaka ujao, gawio likitarajiwa kukua kwa asilimia 5 kila mwaka. Mwekezaji anayedai faida ya asilimia 8 atagawanya 1.20 kwa tofauti ya asilimia 3 na kupata shilingi 40. Akianza kudai asilimia 15, tofauti inakuwa 10, na hisa ileile haimstahilii zaidi ya shilingi 12.

Hapo ndipo fumbo la Safaricom linapoanza kufumbuka. Katikati ya 2021 dhamana za serikali za siku 91 zilikuwa zikilipa chini ya asilimia 7. Mwishoni mwa 2023 zilikaribia 16. Anayeweza kuikopesha Hazina kwa kiwango hicho hana sababu ya kuwania hisa kwa bei ya zamani. Wawekezaji wa kigeni walibanwa pande mbili: riba za Marekani zilitoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi kupita asilimia 5 mwaka 2023, huku dola ikipanda kutoka takriban shilingi 109 hadi zaidi ya 150. Gawio la shilingi lilikuwa likinywea kwa dola hata kabla ya kulipwa.

Hata hivyo, riba peke yake haitoshi kueleza kila kitu. Mwaka 1981 mwanauchumi Robert Shiller alionyesha kwamba bei za hisa za Marekani huyumba kuliko inavyoweza kuhalalishwa na magawio yaliyolipwa baadaye. Bei ya 2021 ilibeba pia matumaini makubwa. Mwaka huo muungano ulioongozwa na Safaricom ulipata leseni ya simu nchini Ethiopia kwa dola milioni 850. Huduma zilipoanza 2022, zilikuja na hasara za miaka ya mwanzo. Kushuka kwa bei, kukitazamwa peke yake, hakumwambii msomaji ni kiasi gani kimetokana na riba na kiasi gani na matarajio yaliyopunguzwa.

Mwaka 2025 ulitoa ushahidi wa upande wa pili. Benki Kuu ya Kenya, iliyokuwa na riba elekezi ya asilimia 13 katikati ya 2024, ilikuwa imeishusha hadi 9.5 kufikia Agosti. Shilingi ilikuwa imeimarika. Gawio lilibaki 1.20, lakini hisa ilipita shilingi 25.

Kwa sababu hiyo, taarifa kwamba wanahisa “wamepoteza” zaidi ya shilingi trilioni 1 kati ya 2021 na 2023 zinahitaji tahadhari. Kiasi hicho hupatikana kwa kuzidisha hisa zote kwa bei ya biashara za siku moja, ilhali katika miaka hiyo Serikali ilishikilia asilimia 35 na kundi la Vodacom na Vodafone asilimia 40, hisa ambazo hazikuwa zikiuzwa. Bei ilipangwa na sehemu ya robo iliyobaki. Kurasa za biashara zinazochapisha bei ya kufunga zingewasaidia wasomaji zaidi kama zingeweka kando yake idadi ya hisa zilizouzwa, gawio la mwisho na riba ya dhamana za serikali za wiki hiyo.