Xbox Iliuza Kuliko GameCube, Lakini Nani Alikula Hasara? Vile Unafaa Kupiga Hesabu Kabla Uite Konsoli Flopu

Kama ushawahi kubishana na wasee kuhusu konsoli gani ilishinda, unajua vile hiyo stori huisha. Mmoja anatoa simu, anasoma ni ngapi ziliuzwa, anawacheka, kesi imeisha. Shida ni kwamba hiyo namba huficha mambo mob.

Rudi 2001. PlayStation 2 ya Sony hatuiongelei sana, ilikuja kuuza zaidi ya milioni 155 na hapo hakuna ubishi. Vita ilikuwa ya namba mbili. Nintendo walileta GameCube, dola 199 kule Marekani. Microsoft wakaleta Xbox, dola 299. Mwisho wa siku Xbox iliuza karibu milioni 24, GameCube karibu milioni 22. So Xbox ilishinda, ama?

Ngoja tufungue daftari la pesa. Xbox ilikuwa kama kompyuta ndani: hadi diski, chipu za Intel na Nvidia. Kila moja ilikuwa inauzwa chini ya gharama ya kuiunda, Microsoft wakitegemea kurudisha doh kupitia gemu. Haikurudi. Walichoma mabilioni ya dola. Nintendo nao walifunga kila mwaka wa hiyo enzi na faida, juu mashine yao ilikuwa rahisi kuunda na gemu zilizouza sana zilikuwa zao wenyewe.

Usikimbilie kumtawaza Nintendo lakini. Linganisha konsoli na ndugu yake aliyetangulia: Nintendo 64 ilikuwa imeuza karibu milioni 33, kwa hivyo GameCube ilirudi nyuma. Microsoft nao, na hasara yao yote, walikuwa wananunua kiti mezani. Xbox Live ilianza 2002, na Xbox 360 iliyofuata ikauza zaidi ya milioni 84. Ukiniuliza mimi, hiyo ilikuwa karo, ghali lakini karo.

Sega hawakuwa na hiyo pesa ya karo. Dreamcast yao ya 1998 ilikuwa noma, hadi ilikuja na modemu ya kuingia mtandaoni. Iliuza karibu milioni 9, halafu Januari 2001 wakatangaza wanaacha kuiunda. Wakabaki kuwatengenezea wengine gemu, na Sonic akaishia kwa mashine za Nintendo, mahasimu wa jana. Konsoli ikikutoa kwa biashara, hiyo ni flopu hata kama mashabiki wanailia mpaka leo.

Wii U nayo iliuza milioni 13 na kitu, aibu kwa kampuni iliyotoka kuuza Wii zaidi ya milioni 100. Lakini Mario Kart 8 yake ilihamishiwa Switch 2017 na huko ikapita milioni 60.

Na kabla usahau, fikiria zile PS2 za kibanda cha gemu mtaani, mitumba, zimechipiwa, CD imechomwa. Mwenye kibanda alikuwa anakula kwa kila mechi. Sony hawakuona hata ndururu.