Habari za Tembe na Nyumba za Matofali Mekundu

Ndugu wasomaji wa kitabu hiki cha yubile, tumeombwa tueleze habari za nyumba, maana nyumba nazo ni tarehe ya watu. Twaandika tukiwa Chang'ombe ya hapa Dodoma, wala si ile ya Dar es Salaam.

Hapo kale nyumba ya Mgogo ilikuwa tembe. Burton na Speke walipopita Ugogo mwaka 1857 waliyakuta matembe. Tembe ni nyumba ndefu, fupi ya kimo, ijengwayo kwa miti na udongo, na juu yake bapa hufunikwa udongo mzito. Vyumba hufuatana, kila mke na mlango wake, na safu hizo huuzunguka ua walalamo ng'ombe. Mvua ya kwetu ni yapata milimita 570 tu kwa mwaka, basi paa la udongo lilifaa: mchana wa jua kali ndani ni baridi, na usiku wa kipupwe ni joto. Walakini tusisifu kupita kiasi. Ndani mna giza na moshi, na katika nyufa za sakafu hukaa papasi, ambao homa yao imewatesa Wagogo wengi.

Nyumba za matofali ya kuchoma zilipoanza kuonekana, watu walizistaajabia, wakadhani hizo ndizo nyumba za Wazungu tangu kuumbwa ulimwengu, na ya kuwa kila Mzungu hukaa peke yake, na bustani pande zote. Sivyo hata kidogo. Zamani za Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hata 1901, watu wa miji ya Uingereza walio wengi walikaa katika nyumba za safu, zilizoshikana ubavu kwa ubavu mtaa mzima, na kati ya jirani na jirani ukuta mmoja wa shirika. Jirani akikohoa, wasikia. Je, hilo si jambo tulijualo sisi wa matembe?

Nyumba hizo zilikuwa nyembamba. Mbele, chumba cha wageni, ambacho maskini wengi walikitunza kama sanduku la nguo za sikukuu, wasikitumie ila Jumapili au siku ya msiba. Nyuma, mahali pa kupikia. Juu, vyumba viwili vya kulala. Na choo uani. Vigae vya paa vilikuwa vya jiwe, na vingi vilitoka Wales kwa gari la moshi. Matofali yalikuwa mekundu kwa sababu udongo una chuma ndani yake, nacho chuma kikichomwa penye hewa ya kutosha hugeuka rangi. Ndiyo sababu hiyo hiyo iyafanyayo matofali yetu kuwa mekundu.

Twaona mambo matatu yaliyofanya matofali yaenee kule. Kwanza, kodi ya matofali, iliyowekwa mwaka 1784, ilifutwa mwaka 1850. Kisha Mjerumani Friedrich Hoffmann alipata hati mwaka 1858 kwa tanuru lake la mviringo, ambalo moto wake hauzimwi, bali huhamishwa chumba hata chumba, na kuni au makaa yasipotee bure. Na mwaka 1875 ikatoka sheria ya afya, na kwa sheria hiyo miji ikaweka kanuni za upana wa njia, madirisha, na maji machafu. Tena ukuta uwekewe chini tabaka lisilopitisha unyevu wa ardhi. Hilo la mwisho tutalirudia.

Kwetu reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na bati na saruji vikaweza kuletwa kutoka pwani. Mwaka 1971 ikaanza Operesheni Dodoma, watu wakahamishiwa vijijini, na matembe mengi yakaachwa yakabomoka. Watoto wakafundishwa kuyaonea haya. Mwaka 1973 ilipoamuliwa serikali ihamie Dodoma, wageni wakazidi, na hapa Chang'ombe nyumba zikajengwa upesi kuliko viwanja kupimwa. Ajabu ni kwamba Waingereza nao walizionea haya nyumba zao za safu, wakabomoa maelfu katika karne ya 20. Na zile zilizosalia, katika miji mingi leo hununuliwa kwa fedha nyingi.

Sasa yaliyotupata sisi. Katika mvua kubwa za mwanzo wa mwaka 2024, usiku, ukuta wa nyuma wa nyumba tuliyopanga ulianguka. Watoto wetu walikuwa wamelala upande wa pili, hawakuumia. Asubuhi tuliyaokota matofali tukayavunja kwa mkono: katikati yalikuwa mabichi, yametoka pembezoni mwa tanuru ambako moto haufiki, maana kuni ni ghali na mchomaji alizibania. Tulipochimba msingi hatukuona tabaka lolote. Maji yalikuwa yamepanda ukutani kama mafuta katika utambi.

Mzee mmoja jirani alikuja kutupa pole, akasimama akitazama kifusi. Akasema, "Mwalimu, mwanangu, tembe la baba yangu halikuanguka."

Tukamjibu, "Kweli, mzee. Na papasi je?"

Akacheka hata akashika fimbo kwa mikono miwili. Kisha akavua koti, akaanza kutuchagulia matofali yaliyoiva, akiyagonga moja kwa moja na kuyasikiliza. Lililoiva hulia kama kengele. Katika yale yote tulipata mia na kidogo tu. Tukatandika nailoni nzito juu ya msingi, tukaanza upya.